Kazi ya Kushika Mgongo

Mdogo wangu aliponipigia kutoka Iringa na kuniomba niwe doula wake, nilidhani simu inakatakata. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Mimi ni mkunga," nikamwambia. "Nusu ya watoto wa mtaa wetu hapa Mbeya wamepita mikononi mwangu. Unataka nije kuwa nini?"

"Doula, dada. Mkunga nitamkuta hospitali. Wewe nataka ukae na mimi tu. Unishike, uniongeleshe, usinipime."

Neno hilo alilipata kwenye darasa la wajawazito, na alikuwa amelielewa vizuri kuliko nilivyopenda. Mkunga ndiye anayepima njia, anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, anayempokea, na anayejua mapema mambo yakianza kuharibika. Doula hapimi, hatoi dawa, hakati kitovu. Kazi yake ni mama mwenyewe: amsugue kiuno, ampe maji, amtie moyo, asiondoke. Sikuwa na cha kumpinga, ila niliudhika. Ni sawa na kumwita fundi cherehani harusini halafu umkataze kugusa gauni.

Mama yetu, aliyeko Tukuyu, ndiye aliyenimaliza.

"Dula ndiyo nani? Mwanaume ataingiaje leba?"

"Siyo Dula wa Abdallah, mama. Doula. Mtu wa kukaa na mzazi wakati wa uchungu."

"Yaani upande basi mpaka Iringa ukashike mkono? Bibi yako alikuwa anashika mgongo, anapokea mtoto, anakata kitovu, na uji anapika mwenyewe. Mtu mmoja! Nyie mmesoma, sasa mnagawana."

Nikamkumbusha kwamba bibi huyohuyo aliwahi kupoteza mzazi kwa damu, na hakupenda kuulizwa habari hiyo mpaka anakufa.  Mama akauliza kama nitaweza kubeba mkungu wa ndizi akinitumia.

Nilishuka Iringa na mkungu wangu, shemeji akanipokea na kunipeleka kwao Kalenga, ambako yeye na mdogo wangu wanaishi ua mmoja na mama yake. Yule mama alinilaki kwa furaha iliyonitia wasiwasi.

"Kamwene, mkunga wetu! Njoo uone."

Akanionyesha chumba kilichofagiliwa vizuri, kitanda kimetandikwa plastiki mpya, na wembe ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Nikamuuliza vya nini.

"Vya kuzalia. Hospitali ya nini tena, na mkunga yupo ndani?"

Nilikaa chini nikamweleza. Mkunga bila vifaa vyake, bila dawa ya kuzuia damu, bila chumba cha upasuaji jirani, ni mwanamke mwenye mikono mitupu tu. Zaidi ya hapo, nimekuja kama dada. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaitikia, akasema, "Sawa mwanangu. Lakini mkunga ni mkunga, hata akiwa amelala." Shemeji alikuwa amesimama mlangoni anaangalia viatu vyake. Nilitamani nimtikise.

Uchungu ulianza asubuhi iliyofuata, na yote niliyoeleza yakawa bure. Mama mkwe alikuwa ameshainjika maji. Shemeji alishika simu lakini hampigii mwenye gari, anasubiri mama yake aseme neno. Nikafungua kinywa niwafokee wote, ila mdogo wangu akanitangulia. Alisimama katikati ya ukumbi, mkono mmoja kiunoni.

"Mama, nakuomba unipishe," akamwambia mkwewe taratibu. "Nakwenda mjini kuzaa. Na wewe, baba, ita gari."

Gari likaitwa.

Hospitali mkunga wa zamu alikuwa binti mdogo mwenye macho ya usingizi. Aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa, nikajibu ni dada yake, nikaishia hapo. Nilikuwa nimejiapiza nisijitambulishe. Nilivumilia mpaka alipomaliza kumpima na kuandika, halafu ulimi ukaniponyoka.

"Mapigo ya mtoto umesikiliza lini mara ya mwisho?"

Akageuka. "Mama, wewe ni mkunga?"

"Ndiyo."

"Basi tubadilishane. Chukua glovu, mimi nikae nimsugue mgongo. Tena itanifaa, miguu inaniuma tangu nilipoingia zamu." Alinikazia macho akisubiri. Mapigo alikuwa ameyasikiliza, nilimwona kwa macho yangu. Niliuliza kwa mazoea.

"Jamani!" mdogo wangu akapiga kelele kutoka kitandani. "Nyie wakunga wawili, sasa mimi nani ananishika?"

Nikaenda upande wa kichwani.

Nataka niseme ukweli kuhusu kazi ile: inachosha kuliko kuzalisha. Mkunga ana vitanda vingi, anapita, anapima, anaondoka. Mimi sikuwa na pa kwenda. Niliminya kiuno mpaka vidole vikafa ganzi. Akataka maji, nikampa, akayasukuma. Akataka tutembee, hatua chache tu akakaa chini sakafuni akanilaumu kwamba ni mimi niliyemleta huko. Alining'ata sweta. Nikimwambia apumue ananiambia nipumue mwenyewe. Na kila yule binti alipoingia, mdogo wangu alimtazama kwa shukrani kama malaika, kisha akanigeukia mimi na matusi ya Kinyakyusa ambayo sikujua anayajua.

Mtoto alitoka mchana, wa kiume, na hakulia.

Mikono yangu ilijua la kufanya. Mwili mzima uliinuka kwenda. Lakini mdogo wangu alikuwa amenikamata kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote, na alikuwa ananitazama mimi, si mwingine.

"Dada, mbona halii?"

Yule binti alikuwa tayari anafanya kazi, haraka na bila papara. Alichokosa mdogo wangu wakati ule ni mtu wa kumjibu, na kwenye chumba kile mtu huyo nilikuwa mimi peke yangu. Basi nikamweleza nilichokiona.

"Sista anamkausha. Sasa anamsugua mgongo. Amemsafisha puani. Anamsugua tena."

"Anapumua?"

"Anamsaidia apumue. Niangalie mimi. Anajua anachofanya."

Nilisema hivyo huku namwona binti akinyoosha mkono kuchukua kifaa cha kumpulizia hewa. Kabla hajakifikisha usoni, mtoto akakohoa, akakunja uso, akalia kwa hasira. Mdogo wangu akaniachia. Kifundo kilibaki na alama za kucha zake.

Nje, mama mkwe, aliyekuwa ametufuata, alinikumbatia na kunishukuru kwa kumzalisha mjukuu wake. Nikamwambia aliyemzalisha yuko ndani. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, mkunga wetu," akaendelea kunishukuru. Nilikata tamaa, nikakubali shukrani.

Baadaye nilirudi leba kumshukuru yule binti. Nilimkuta kwenye kona amesimama, anatafuna andazi kavu, macho yako vitandani.

"Samahani kwa lile swali," nikamwambia.

"Usijali. Hata mimi ningeuliza." Akameza. "Ila ulikaa naye. Wengi hawawezi. Wanakaa na simu zao." Kisha akanyoosha andazi kuelekea kitanda cha dirishani, alipolala msichana amegeukia ukutani, ameng'ang'ania chuma cha kitanda. "Yule ametoka Chunya, kaja kwa shangazi yake, na shangazi kaondoka tangu asubuhi. Hana mtu. Mimi nina wengine."

Mgongo uliniuma, sikuwa nimekula kitu, na nilichotaka duniani ni kikombe cha chai ya moto na mahali pa kukaa. Nikamwambia hivyohivyo. Akacheka, akafuta mikono, akaenda kwa mgonjwa wake mwingine bila kusubiri nikubali.

Nilimlaani kimoyomoyo, nikavuta kigoda mpaka dirishani, nikamuuliza yule msichana anaumwa wapi.