Mluzi wa Mahameni

Mwanangu, kuna siku naikumbuka kwa baridi yake, maana jua la adhuhuri lilikuwa utosini nami natetemeka.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kutoka nyumba yetu ya zamani, huku huku Ufipa. Baba alikuwa amefariki majuma machache kabla, akaniachia ng'ombe saba wa nyama. Niliwaswaga hadi kijijini kwa fimbo. Haraka haraka haina baraka, lakini kijana husikia lini?

Kila siku ng'ombe wale walivunja zizi jipya wakarudi mahameni, kule tulikohama. Hawakula. Mbavu zikaanza kuonekana, na nilijua mwezi ule hautaisha kabla hawajafa. Nikazidi kuwapiga.

Siku hiyo niliwafuata. Niliwakuta kwenye zizi letu la zamani, kimya, hata mikia haitikisiki, wote wakilitazama jiwe ambalo baba alikuwa akilikalia akiwalambisha chumvi. Kijivu, maksai mkubwa, alinyoosha ulimi akalamba hewa pole pole, mahali ambapo mkono wa mtu aliyeketi ungefika. Kisha nikasikia mluzi: mfupi, mrefu, mfupi. Ulikuwa wa baba, aliokuwa akiwaitia ng'ombe. Nilikimbia, wala sioni haya kukwambia.

Shangazi, dada yake baba, alinisikiliza huku akipepeta ulezi. Hakushtuka.

"Umewarithi kwa fimbo," akasema. "Kaka aliwaita kwa majina, akawapa chumvi kiganjani. Wanamfuata wanayemjua."

"Amekufa, shangazi."

"Wao nani kawaambia?"

Kesho yake nilirudi na chumvi. Nikakaa kwenye jiwe lile, nikawaambia kwamba baba hayupo tena, nimebaki mimi. Nikawaita mmoja mmoja. Nikapiga mluzi wake, vibaya vibaya. Kijivu akaja, akalamba kiganja changu, na wote wakanifuata nyumbani. Ule mluzi mwingine sijausikia tena hadi leo. Siku ile ndipo nilipomlilia baba, maana msibani sikulia.

Basi, mwanangu, hawa ninaokuachia usianze nao kwa fimbo. Wape chumvi kwa mkono wako, waizoee sauti yako ningali hai. Na siku nikiondoka, ingia zizini uwaambie, nisije nikabaki nawaita. Mungu akunenepeshee mifugo, na kiganja chako kisikose wa kukilamba.