Mwanamke wa Mikono Mitupu

Mume wangu Yarrow hajui kukaa. Ukimwona amekaa, ujue anatafuta miwani yake ili asimame tena. Alifundisha historia hapa Garissa miaka thelathini, mimi nikifundisha Kiswahili darasa la jirani, na wanafunzi walimpa jina la Mlango-Dirisha kwa vile alivyokuwa akitembea kutoka huku hadi kule kipindi kizima. Tulipostaafu nilidhani atatulia. Badala yake akaangukia sarafu za Warumi.

Anazo kumi na moja ndani ya kopo la majani ya chai. Nyingi aliletewa na Najib, dalali wa ng'ombe, ambaye hukutana na watu wa kila upande na huchunguza mikufu ya akina bibi kuliko anavyochunguza meno ya ng'ombe. Najib hupenda kumchokoza kwa Kiswahili cha sokoni. "Mwalimu, hii besa ni ya samani sana," humwambia, "lakini huyu mama ako juu yake hana buibui."

Upande mmoja wa sarafu hizo huwa na kichwa cha mfalme au cha mkewe. Upande wa pili aghalabu ndipo walipomweka mungu wao mmojawapo, nao walikuwa nao wa kila jambo. Ili umjue, unatazama alichoshika. Mwenye mizani ni Aequitas, wa haki. Mwenye usukani wa meli ni Fortuna, wa bahati. Mwenye masuke ya nafaka ni Annona, wa chakula. Mimi, Mwislamu wa swala tano, ninawajua hawa kuliko ninavyowajua majirani waliohamia juzi, na elimu hiyo sikuiomba.

Sarafu ya kumi na mbili haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake.

Hoyo Rukiyo, hoyo ndiyo mama kwa Kisomali, anaishi Habaswein na mdogo wake Yarrow, Salah. Anakaribia miaka tisini. Tangu nilipoolewa nimemwona na sarafu ile ya fedha shingoni, imetobolewa na kupitishwa ugwe wa ngozi. Baba yake aliinunua pamoja na vito vikuukuu huko Kismayu, wala haijulikani ilitoka wapi kabla ya hapo. Kila akimaliza kuswali, Hoyo huibana kwa kidole gumba na kuwaombea wanawe.

"Huyu ni mwanamke anaomba dua," alituambia tulipomtembelea.

Yarrow alicheka. Warumi na dua wapi na wapi. Akamwomba ampe kwa wiki moja tu. "Nitakuletea jina lake, Hoyo," alisema, na mama akaivua akampa.

Wiki ile ikawa miezi mitatu. Tundu lilikuwa limekula herufi kadhaa, na nyingine zilifutwa na kidole cha Hoyo kwa miaka sabini ya kuomba. Zilibaki tatu tu zinazosomeka: T, A, S. Sasa Warumi, Mungu awasamehe, wana Aequitas, Libertas, Felicitas, Hilaritas, na wote wanaishia hivyo hivyo. Mwili wa yule mwanamke ulikuwa umelika pia, na picha za simu hazikusaidia kitu, kwa kuwa sarafu iliyolika husomeka kwa kuigeuzageuza kwenye mwanga. Basi mume wangu akawa anafuata jua. Asubuhi ukumbini, adhuhuri uani, jioni kwenye lango, kioo cha kukuzia mkononi, akihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Chai ilipoa kila mahali nyumbani humo. Mimi nilikuwa nikizikusanya bilauri na kununa.

Salah alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. "Hoyo anasema uje."

"Mwambie sarafu iko salama," Yarrow alijibu. "Nimebakiza kidogo tu."

Ijumaa ya kumi na moja au ya kumi na mbili nilimkalia kooni. Nilimwambia ahadi ni deni, amrudishie mzee wa watu kitu chake, jina au bila jina. Hapo ndipo aliponiambia kilichokuwa kikimtembeza.

"Naogopa, Mulki. Nikilipata jina lake, atakuwa mungu wa uongo. Mama amemshika miaka yote hii akiomba. Nitamwambia nini? Nikinyamaza nimemdanganya. Nikisema, ataingia kaburini akidhani dua zake zote zimeharibika."

Nilimwonea huruma, na hasira zikanishika pia, maana hofu ile aliichokoza mwenyewe.

Siku chache baadaye nilikuwa uani, nimemaliza swala ya alasiri, mtandio kichwani, mikono nimeinua naomba dua. Yarrow akatoka nyuma ya tangi la maji na kioo chake. Akasimama kunitazama. Akatazama sarafu, akanitazama tena.

"Usishushe mikono," alisema.

"Wewe, niko kwenye dua."

"Endelea tu, lakini usishushe."

Alikuwa ameupoteza muda wote akitafuta yule mwanamke ameshika nini, akidhani kimefutika. Hakuwa ameshika kitu. Alikuwa amejitanda shela na kuinua mikono miwili mitupu. Tulifungua kitabu chake na kumkuta: Pietas, anayeomba. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu alivunjika usingizi.

Alisoma maelezo kwa sauti. Wema wa mtoto kwa wazazi wake, na kuwatimizia haki yao. "Kwetu mtoto wa namna hiyo tungemwita baarri," alisema, kisha akafunga kitabu. Kesho yake alfajiri tuliondoka.

Tulifika Habaswein mchana. Hoyo alikuwa kwenye mkeka wake barazani, amekonda kuliko nilivyomwacha. Yarrow hakumaliza hata salamu. Alimwekea sarafu kiganjani, akasema yote kwa mkupuo mmoja: jina, Warumi, na kwamba ni mungu wao wa uongo. Nilitaka ardhi inimeze.

Hoyo aliigeuza sarafu. "Mimi nilikuwa namwomba huyu?"

"La, Hoyo. Ulikuwa unamwomba Mwenyezi Mungu."

"Basi huyu na Warumi wake watajuana. Mimi alinikumbusha kuinua mikono tu. Miezi mitatu nimeinua bila yeye."

"Nisamehe. Nimechelewa kuileta."

"Salah," Hoyo aliita, "nilikutuma umwambie nini ndugu yako?"

"Aje," Salah alisema mlangoni.

"Nani alitaja sarafu?"

Yarrow alikaa mkekani, miguu ya mama yake ikawa karibu na goti lake, akaishika. Nililia, sioni haya kusema. Alikaa hapo mpaka swala ya alasiri.

Lakini tabia ya mtu haifi siku moja. Siku ya tatu, mzigo umeshafungwa, alianza kujikuna shingo. Ule upande wa pili wa sarafu, wenye kichwa, bado hakuujua ni wa mke wa mfalme yupi. Angeweza kuichukua kwa wiki moja tu?

Hoyo alijivalisha ugwe, akaifumbata sarafu. "Huyo naye yuko hapa hapa," alisema. "Ukimtaka, unajua nyumba yangu."

Tulipofika Garissa, Yarrow alipekua mifuko yote, akapekua na mkoba wangu. Miwani haikuwepo. Nikampigia Salah kumuuliza kama imebaki kule. Kabla hajajibu, nilisikia sauti ya Hoyo nyuma yake.

"Mwambie aje."