Jasho Upande wa Pili wa Kanga

Nilianza yoga nikiwa na miaka hamsini na minne, na tumbo limenitangulia kama mzigo uliofungwa vibaya. Nilikuwa nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na mpaka wa Zambia kwa miaka ishirini na saba. Nilipoacha kazi, mgongo haukuacha kuuma. Nikitaka kuvaa soksi, mke wangu alinivalisha. Nikitaka kuamka, nilijiviringisha kwanza mpaka ukingoni mwa kitanda kama pipa la mafuta, nikashusha mguu mmoja, nikapumzika, ndipo nikashusha wa pili. Tunaishi Mikumi, si mbali na barabara kuu, na kila lori lililopita likipangua gia nililisikia kiunoni.

Daktari wa kituo cha afya aliniambia presha iko juu, uzito uko juu, na dawa peke yake hazitanifikisha mbali. "Punguza chumvi, mzee, na ufanye mazoezi." Nikamwitikia vizuri, nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti.

Aliyeleta habari za yoga ni binti yetu mkubwa. Yeye anafanya kazi ya kusafisha vyumba katika loji moja ya watalii karibu na hifadhi. Pale palikuwa na mwalimu, mwanamke kutoka Arusha, aliyewafundisha wageni yoga ya joto, naye aliwaruhusu wafanyakazi waliomaliza zamu kusimama mstari wa nyuma. Binti yetu aliingia mara ya kwanza kwa udadisi tu. Baada ya hapo hakukosa, na mwaka ulipokwisha mwalimu akaanza kumwachia awaongoze wenzake.

Siku yake ya mapumziko alikuja nyumbani akanikuta nimenyoosha mguu, mama yake amepiga magoti ananivalisha soksi. Alisimama mlangoni akatutazama. Hakucheka.

"Baba, kuna mazoezi nataka nikufundishe," akasema. "Yanafanyika kwenye chumba cha joto. Kule kazini wanawasha mashine ya kupasha hewa, watu wanajinyoosha humo huku wanatoka jasho."

"Mikumi hii hii mtu anawasha joto?"

"Asubuhi kunakuwa na ubaridi. Na lile joto linalainisha misuli, mwili unakubali kukunjuka."

"Mimi nimetoka jasho kwenye lori miaka ishirini na saba, mgongo haukupona."

"Ulikuwa umekaa, baba."

Nikasema nitajaribu, lakini moyoni nilidhani atarudi kazini asahau. Hakusahau. Kwanza alinirudisha kwa daktari, akamweleza yeye mwenyewe. Daktari alikubali kwa masharti: nianze polepole, ninywe maji ya kutosha, nisiache dawa, na nikisikia kizunguzungu nitoke nje mara moja.

Mashine hatukuihitaji. Nyuma ya nyumba tuna stoo ya mahindi yenye kuta za tofali, paa la bati lisilo na dari, na dirisha moja dogo. Ikifika saa tisa alasiri, humo ndani ni tanuri. Mke wangu aliyasogeza pembeni magunia machache yaliyokuwa yamebaki, akafagia, akatandika mikeka. Mikeka ikawa inateleza kwa jasho, hivyo akayafua magunia matupu ya katani na kuyatandaza juu yake. Hayo hayakuteleza, ila yaliwasha magoti.

Siku ya kwanza niliharibu mwenyewe. Binti alikuwa amenionya nisile kwa saa mbili kabla. Mimi nikaona mwanamume hawezi kufanya kazi ngumu na njaa, nikala ugali na dagaa. Maji sikuyanywa, kwa kuwa niliona tumbo limeshajaa. Tukaanza kwa kusimama na kupumua. Hilo nililiweza. Tukainua mikono, tukainama kushoto, tukainama kulia. Tulipoinama mbele, mikono ikitafuta sakafu, niliona stoo nzima inakuwa nyeusi, nikashuka kwa magoti kama ng'ombe.

Walinishika makwapa wakanitoa mpaka chini ya mwarobaini. Mke wangu akawa ananipepea kwa ungo.

"Basi, yaishe," alisema. "Mume ninaye mmoja."

Binti alichuchumaa mbele yangu, akanipa maji kidogo kidogo. "Baba, ulikula saa ngapi?"

"Sijala."

"Amekula sahani mbili," mke wangu akasema, bila kuacha kunipepea.

Ilipita wiki nzima ndipo nikaingia tena ile stoo, safari hii tumbo jepesi na mlango wazi. Tulifanya dakika kumi tu. Kesho yake tukafanya kumi nyingine. Binti alipokuwa kazini, mke wangu ndiye aliyeniongoza, maana alikuwa ameshika kila kitu kwa kuangalia, na mwili wake ulikunjika kuliko wangu. Alinishika kiuno nilipotaka kuanguka. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho, kabla ya hapo, tulikuwa tumekaa mahali pamoja kila siku, mimi na yeye, bila redio wala simu. Kazi yangu ilikuwa ya kuondoka.

Baada ya miezi mitatu nilivaa soksi mwenyewe. Ilinichukua muda, lakini nilivaa. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaja, akaangalia, akasema moja imegeuka ndani nje.

Ndipo alipokuja mama mkwe. Yeye anakaa Kidete, ana shamba la mpunga bondeni karibu na mto Mkondoa, na tangu mumewe afariki analima kwa mikono yake na ya majirani. Magoti yalikuwa yamemshinda. Mke wangu alimpokea Kilosa kwenye treni akamleta kwetu ili apate matibabu. Niliposikia gari limesimama, nilitoka nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Pole na safari."

Kisha nikampisha. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hayo, pamoja na habari za mvua. Haukuwa ubaya. Tulilelewa hivyo wote wawili, kwamba mkwe unamheshimu kwa kumwachia nafasi. Akikaa uani, mimi napita upande wa barabarani. Akiingia sebuleni, nainuka natoka.

Nilimwona akiswali amekaa kwenye kiti cha plastiki, akiinamisha kichwa pale ambapo wengine wanasujudu. Mke wangu aliniambia kwamba hilo ndilo lililomuuma mama yake kuliko magoti yenyewe. Hakuwa amegusa mkeka kwa paji la uso kwa miaka miwili.

Hospitali walimpa dawa na wakamwambia ayanyooshe magoti taratibu kila siku, asiyaache yakae tu. Siku chache baadaye alitusikia tukiwa stoo, akasogea mpaka dirishani.

"Mnafanya nini humo kwenye moto?"

Binti akamweleza. Bibi yake alisikiliza, kisha akauliza kwa makini, "Hayana maombi ndani yake? Ya dini nyingine?"

"Sisi hatusomi chochote, bibi. Ni kupumua na kunyoosha viungo."

"Nikisikia neno nisilolijua, natoka."

"Sawa, bibi."

Lakini tatizo halikuwa dini. Tatizo lilikuwa mimi. Nisingeweza kuinama mbele ya mama mkwe wangu, makalio juu, nimevaa bukta. Na yeye asingeweza kulala chali nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilimwambia mke wangu nitawaachia stoo, mimi nitafute saa nyingine. Akakataa, akasema asubuhi hakuna joto, na jioni nitapata visingizio. Alikuwa ananijua. Akaingia chumbani akatoka na doti nzima ya kanga, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akazitundika katikati ya stoo. Mimi upande wa dirishani, wanawake upande wa mlangoni. Binti akasimama mbele, kanga zilipoishia, mahali alipoweza kutuona wote.

Siku za kwanza hakuna aliyesema kitu isipokuwa mwalimu wetu. Kulikuwa na mkao mmoja ambao kule loji wanauita mbwa, mikono na miguu chini, kiuno juu. Binti alipoutaja, sauti ikatoka upande wa pili wa kanga:

"Mimi mbwa siwi. Hilo ni paa la nyumba."

Tukauita paa tangu siku ile.

Wiki ya pili nikiwa nimeshikilia hilo paa, nilimsikia akisema, "Mkwe, unapumua kama lori linapanda mlima Kitonga."

Nilishtuka, maana hakuwahi kunitania. Nikasema, "Mzigo ni mkubwa, mama."

"Basi weka gia ndogo."

Mke wangu alicheka mpaka akaanguka kwenye gunia lake. Kuanzia hapo tukawa tunazungumza. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi vile. Labda kwa sababu hatukuonana uso, au kwa sababu mtu anayetiririka jasho hana nguvu za kujizuia sana. Tulizungumza tukiwa tumelala chali mwishoni, tunapoa, mlango umefunguliwa. Aliniuliza habari za barabara, mizani, baridi ya Makambako. Mimi nilimuuliza habari za mto unavyokula kingo za shamba lake.

Siku moja mke wangu na binti walikuwa wametangulia kutoka kwenda kuchota maji ya kuoga. Tulibaki sisi wawili na kanga katikati.

"Mkwe," akasema, "unajua kwamba mimi nilikukataa?"

"Najua, mama."

"Nani alikuambia?"

"Mjomba wangu, wakati wa posa."

"Nilisema huyu dereva wa malori, kila kituo atakuwa na mke. Binti yangu atazeeka dirishani."

Ningeweza kusema jambo la kupendeza, lakini alikuwa ameniambia kweli. "Mama, wake wengine sikuwa nao," nikasema. "Ila dirishani alikaa. Watoto watatu wamezaliwa mimi niko njiani."

"Najua. Wote niliwapokea mimi."

"Sikuwahi kukushukuru."

"Hukupata nafasi. Ulikuwa unanipisha."

Nilimsikia akiinuka taratibu, akishika ukuta, akitoka. Mimi nilibaki pale chini kwa muda mrefu kuliko kawaida, na mke wangu aliporudi aliniuliza kama nimezimia tena. Nikamwambia hapana, najipoza tu.

Mkao wa mwisho ulikuwa wa kupiga magoti, kukalia visigino na kuinama mpaka paji la uso liguse chini. Mama mkwe alianza na mto chini ya mapaja na blanketi lililokunjwa mara nne chini ya uso. Binti alimpunguzia polepole, mkunjo mmoja baada ya wiki mbili, au tatu, na magoti yalipovimba waliacha kabisa kwa siku nne. Mimi nilikuwa nafuatilia kwa kusikia: "Bibi, leo tunajaribu bila mto." "Subiri, usinisukume." "Sikusukumi." Halafu pumzi ndefu.

Alasiri moja nilikuwa uani nanawa uso, mke wangu akatoka ndani akasimama karibu yangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama ameswali chini," akasema.

Nilimimina maji mengine, nikanawa tena uso uliokwisha kuwa safi.

Mvua za kupandia zilipokaribia alitaka kwenda kwake, na hatukumzuia. Presha yangu kwa wakati huo ilikuwa imeshuka kiasi kwamba daktari alinipunguzia dawa moja. Mgongo bado unanikumbusha kazi yangu ya zamani asubuhi za baridi, lakini naamka kitandani kama watu.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulikwenda Kidete kumsalimia. Alitupokea, tukasalimiana kwa heshima zetu zote, kisha akaniambia nimfuate nikaone mpunga. Alitangulia yeye, akivuka reli na kushuka bondeni kwa hatua fupi, akinionyesha mahali mto ulipochukua udongo na mahali alipopanda matete kuuzuia. Aliongea njia nzima, nami nikamjibu njia nzima.

Tulipanda kurudi mapema, kwa kuwa alisema ana watu wanaomngoja. Majirani zake wanne, wanawake wa umri wake, walikuwa wameshafika na kuvua viatu mlangoni pa jiko lake, kibanda cha bati ambamo mafiga ya chai bado yalikuwa na moto. Akaingia, akarudishia mlango. Mimi na mke wangu tukakaa nje kuchambua mchele wa jioni, tukimsikia akiwahesabia pumzi.