Besi ya Wimbo wa Matoleo

Walimu wangu wawili wa besi hawajawahi kukutana, na nadhani siku wakikutana watanikana wote.

Mpiga gitaa la besi wa kwaya yetu alihamia Dodoma kikazi. Mwenyekiti wa kwaya, mama anayeuza vitenge jirani na kibanda changu cha zipu na vifungo hapa Kariakoo, akaniambia nijifunze mimi. Kwa nini mimi? Sijui mpaka leo. Labda naimba vibaya, akatafuta njia ya kunitoa kwenye safu bila kunivunjia heshima. "Sikukuu ya Mavuno utapiga," alisema. "Ukishindwa tunamchukua kijana wa mtaa wa pili, na wewe mwanangu utarudi kubeba spika." Spika nimezibeba miaka. Niliitaka besi.

Mwalimu wa kwanza nilimpata kwenye simu: Mzungu mwenye ndevu, kozi nzima ya video. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, kwa hiyo nusu ya mafundisho nilikuwa nayatazama tu. Ni mtu mwema kupita kiasi. Kila mwisho wa somo ananiangalia machoni na kunisifu kwamba nimefanya vizuri sana. Siku moja alinisifu hivyo gitaa likiwa kitandani na mimi mdomo umejaa chapati. Lakini tutende haki: hachoki. Kidole kikigoma namrudisha nyuma, kikigoma tena namrudisha tena, wala haguni. Mtu wa Kariakoo ukimrudisha nyuma hivyo atakuuliza kama umerogwa.

Mwalimu wa pili ni mzee aliyepiga bendi za dansi enzi zake. Anafundishia kwenye stoo ya ndoo za plastiki, karibu na Mnazi Mmoja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hilo gitaa liweke chini, hatulihitaji."

Majuma ya mwanzo nilienda kuguna tu. Yeye anaimba kipande cha wimbo, mimi natafuta sauti ya chini yake kwa mdomo, tumezungukwa na ndoo. Katikati ya somo anapokea simu, anakula mihogo, anasimulia alivyowaliza watu ukumbini, na kila wiki ukumbi unazidi kuwa mkubwa. Hatimaye aliponiruhusu kulishika gitaa, alinisikiliza kidogo akauliza, "Hilo unalipiga au unalikuna?"

Nikajitetea kwamba yule wa kwenye simu ananisifu.

"Anakusikia?"

"Hapana."

"Ana bahati yake."

Hapa pia tutende haki. Namna mzee alivyonifundisha kushika shingo ya gitaa ilinivimbisha mkono, na aliyeniponya ni yule wa ndevu. Sikumwambia mzee. Angetaka kujua nimeponywaje na mtu asiyenigusa.

Siku ya Mavuno ikafika. Wimbo wa kwanza ulianza na kinanda, moja mbili tatu nne, tukaingia wote kama kwenye kozi. Hakuna aliyecheka.

Wa pili ulikuwa wa matoleo, na kwetu wimbo wa matoleo hauanzi na kinanda. Mwenyekiti anauanzisha kwa mdomo, pale roho inapomtuma, kisha vyombo vinamtafuta. Kwenye mazoezi roho humtuma kwenye ufunguo wa G. Siku ile, kwa kuona mikungu ya ndizi na kuku hai wanapita mbele yake, roho ikamtuma juu, mahali ambapo kozi yangu ilikuwa haijafika. Mpiga kinanda akampata. Mimi nikapiga noti moja, ikatoka kama bajaji imegonga geti. Shingo ya mama ikageuka robo.

Nikafunga sauti ya besi. Nikaguna kwa mdomo kama stooni, na kufikia ubeti wa pili nilikuwa nimempata. Kumpata kwenye nyuzi, hapo ndipo nilipoogopa: nikikosea tena, besi imekwenda. Basi vidole vikatembea juu ya nyuzi vikijifanya vina kazi, mpaka kuku wa mwisho akafika madhabahuni.

Baada ya ibada mwenyekiti aliniita pembeni, wenzetu wakiwa kwenye mnada wa ndizi.

"Mwanangu, wimbo wa matoleo nimeupenda."

"Mama, ule sikupiga. Nilifunga sauti."

"Kwani mimi kiziwi? Yule wa Dodoma angeng'ang'ania mpaka anipoteze na mimi. Besi chukua. Ila Alhamisi uje mapema, nikuanzishie mpaka ukome."

Kwa hiyo besi nimepewa kwa wimbo ambao sikuupiga. Nimejaribu kugawa sifa kwa haki na nimeshindwa. Mzee alinifundisha kuguna na Mzungu alinifundisha vidole. Kujifanya, nadhani, nilikuja nako mwenyewe.

Alhamisi nikafika mapema. Akaanzisha, nikamkosa. Akaanzisha tena, juu zaidi, nikamkosa vizuri zaidi.

"Tafuta, mwanangu," akasema. "Mimi siendi popote." Akafumba macho, akaendelea kuimba.