Sweta la Kiume Lililokataliwa Forodhani

Juzi kwenye kaunta ya forodha, bandarini Durban, mama mmoja Mkongo aliyekuja kutoa boksi la masweta aliniomba nimtafsirie. Kwenye fomu alikuwa ameandika kwamba ni ya kiume.

Ofisa alifunga vifungo vya sweta moja, akatikisa kichwa. "Upande wa kulia umelalia wa kushoto. Kwa sheria yetu hili ni la kike. Andika upya."

Mama akanyoosha kidole kwenye sweta alilovaa ofisa mwenyewe. "Na hii yako, papa? Iko ya mwanamuke?"

Nikatafsiri. Ofisa akapapasa vifungo vyake. "Eish! Mke wangu ndiye aliyeninunulia."

Mama aliandika upya, akabeba boksi lake akicheka. Nilipofika kwangu South Beach nilifungua kabati. Nina masweta mawili ya vifungo, na moja, kisheria, si la kwangu.