Kebo ya Bunju na Mechi ya Watani

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla lango halijafunguliwa. Kilikuwa kituo cha mawasiliano ya redio upande wa Temeke, nami nilikuwa msichana pekee katika kundi letu la wanafunzi wa ufundi. Nilitarajia kuonyeshwa mitambo yenye taa na saa za kupimia. Fundi Mkuu, mtu mrefu aliyeongea polepole, alinipa kisu na kipande cha waya mnene mweusi.

"Kifungue, uniambie unaona nini," alisema.

Nilikata koti la nje, la plastiki. Chini yake palikuwa na wavu wa nyuzi za shaba zilizosukwa. Chini ya wavu kulikuwa na plastiki nyeupe, na katikati kabisa uzi mmoja wa shaba.

"Hii ndiyo kebo ya koaksia," alisema. "Nguvu ya mtambo inasafiri kati ya huo uzi na huo wavu mpaka kwenye antena. Wavu ukiwa mzuri, nguvu inabaki ndani. Ukiwa mbaya, inavuja, na majirani wataanza kukusikia mahali usikotuma sauti."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya mafunzo nilipelekwa Mtwara. Mkuu wa Kituo wa huko alikuwa mkali kwa saa na mpole kwa mambo mengine yote. Mwaka wangu wa kwanza, mvua za masika ziliingiza maji kwenye kebo ya mnara, na mawasiliano na meli yakafifia mpaka tukawa tunabahatisha maneno. Fundi mpandaji alikuwa amelazwa na malaria. Meli moja ilikuwa na mgonjwa ndani na ilihitaji kuongea na daktari siku hiyo hiyo.

"Agripina, utaweza?" Mkuu wa Kituo aliniuliza.

"Nitapanda, Mkuu. Kama nitaweza, tutajua nikiwa juu."

Nilivaa suruali ya kaka yangu, nikajifunga mkanda wa usalama, nikapanda. Kule juu upepo ulikuwa unasukuma mnara mzima. Nilifungua kiunganishi, kile kichwa cha chuma kinachofunga kebo kwenye antena. Kilitoa maji kama chupa iliyopinduliwa. Nilikata sehemu iliyooza, nikafunga kichwa kipya, nikakizungushia utepe wa mpira tabaka kwa tabaka. Niliposhuka, sauti ya nahodha ilikuwa inajaza chumba, na daktari alikuwa tayari kwenye kiti akimwelekeza la kufanya. Mgonjwa alifika bandarini mzima.

"Nilidhani utarudi katikati," Mkuu wa Kituo aliniambia.

"Hata mie nilidhani hivyo."

Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena kama nitaweza. Nilihamishiwa Kigoma, nikakaa huko miaka mingi, nikaolewa na kumzaa Deogratias. Kisha Meneja wa Kanda aliniita Dar es Salaam nisimamie kebo na antena zote za kanda. Alikuwa akiwatambulisha wageni kwangu kwa kusema, "Huyu mama akikwambia waya haufai, usibishane naye, nunua mwingine." Nilifanya kazi hiyo mpaka nilipostaafu.

Nilijenga Bunju, pembezoni mwa jiji, nikasoma kwa ajili ya leseni ya redio ya ridhaa, nikaipata. Redio ya ridhaa ni ya watu wanaowasiliana kwa mapenzi tu, kila mmoja na kituo chake nyumbani. Nilikwenda kwa dada yangu Songea kwa majuma machache, na niliporudi nilimkuta Deo amesimama uani, uso umejaa furaha. Alikuwa amemleta fundi wa madishi, wakasimamisha nguzo yenye antena nyuma ya kiwanja, karibu na uzio, na kuvuta waya mweupe mpaka sebuleni.

"Zawadi yako ya kustaafu, mama."

Nguzo ilikuwa imara. Waya ulikuwa wa televisheni. Ukinzani wake ni omu sabini na tano, wakati redio yangu imetengenezwa kwa omu hamsini, kwa hiyo havikuoana, na wavu wake ulikuwa nyuzi chache tu, mtu angeweza kuona katikati yake. Nilimkumbatia mwanangu, nikasema asante. Mtu akikuletea zawadi akiwa anang'aa vile, huanzi kwa kumtajia omu.

Waya ule ulinihudumia kwa nguvu ndogo. Nilipoanza kuongeza nguvu ili niwafikie watu wa mbali, nyumba ya tatu kutoka kwangu mambo yaliharibika. Pale palikuwa na kibanda umiza, banda la mabati ambamo vijana hukaa kwenye mabenchi kutazama mpira. Mwenye banda, Shaaban, alikuja kwangu na uso mzito.

"Shikamoo, Mama Deo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, sie tunakuheshimu. Lakini kila ukianza kuongea na watu wako, picha inakwama, na kwenye spika inatoka sauti kama ya bata. Wateja wananihama."

Nilijua ni nguvu inayovuja kwenye wavu ule mbovu. Siku chache baadaye mwenyekiti wa serikali ya mtaa alituita ofisini. Wengine walitaka antena ing'olewe siku ile ile. Mama mmoja alisema redio ile inaleta maradhi. Nilisikia joto likinipanda shingoni. Nilikuwa nimezika mume, nimemaliza kazi, na ile sauti ya jioni kutoka nchi za watu ndiyo iliyokuwa inanifanya niharakishe kumaliza kupika.

"Mwenyekiti," nilisema, "nipe nafasi nibadilishe waya. Halafu nitaongea nikiwa kwenye nguvu zote wakati wa mechi ya watani. Picha ikikwama hata mara moja, nitaishusha antena mwenyewe."

Mechi ya watani, timu mbili kubwa za jiji, ndiyo siku ambayo nusu ya mtaa haiongei na nusu nyingine. Shaaban alinitazama kama mtu aliyeombwa aazimishe jicho lake. Mwishowe alikubali.

Jioni nilimweleza Deo. "Nguzo yako haitikisiki, baba. Ni waya tu naubadilisha."

"Mama, ungeniambia siku ile ile."

"Ningekwambiaje, na ulivyokuwa umefurahi?"

Alicheka, kisha akauliza anipeleke duka gani.

Tulikwenda Mikocheni kwa Mzee Abbas, mfanyabiashara ambaye familia yake imeuza vifaa vya redio tangu enzi za babu yake, naye mwenyewe ana leseni ya ridhaa. Alinitolea kebo mbili nyeusi, zote za omu hamsini: moja nyembamba, nyingine nene kama kidole.

"Nyembamba ni rahisi kupitisha, Mama Deo."

"Kwa redio ya gari ingenitosha. Nguzo yangu iko mbali na nyumba. Nguvu zangu zitageuka joto njiani."

Nyie mnaoanza mambo ya redio, nisikilizeni hapa. Kila kebo inakula nguvu, na kadiri ilivyo ndefu ndivyo inavyokula zaidi. Safari fupi, nyembamba inafaa. Safari ndefu, chukua nene. Niliomba kisu, nikafungua ncha. Wavu ulikuwa umesukwa kwa kubanana, na chini yake palikuwa na karatasi nyembamba ya metali iliyozunguka pande zote. Mzee Abbas alinipa sumaku bila kuombwa. Nikaigusisha kwenye uzi wa katikati. Haikunata, maana yake ni shaba, si chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

"Hii," nilisema.

Nyumbani tuliipitisha kwenye ukuta wa jikoni ili njia iwe fupi. Kebo nene haipendi kona kali, kwa hiyo tuliizungusha taratibu. Kabla ya kuingia ukutani niliiacha ining'inie kidogo ili maji ya mvua yadondokee nje. Karibu na antena niliikunja mizunguko kadhaa kama kamba ya ndoo. Mizunguko hiyo inazuia nguvu isirudi ikitembea juu ya wavu kwa nje. Vichwa vyote nilivifunga kwa utepe wa mpira, kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku ya mechi mwenyekiti alikaa sebuleni kwangu kuhakikisha kwamba kweli narusha sauti. Ni mpenzi mkubwa wa mpira, na ile ilikuwa sadaka. Deo alikuwa bandani na simu. Niliongeza nguvu hadi mwisho, nikaita. Nikaita tena.

"Nakupata vizuri, mama," ilijibu sauti ya mzee mmoja wa Kisumu. "Tano na tisa. Uko kama umekaa barazani kwangu."

Tano na tisa ndizo alama za juu za usikivu. Nilikuwa bado namjibu, kidole kwenye kitufe, bandani kukalipuka kelele zilizotikisa mabati. Nilidhani picha imekwama. Mwenyekiti alisimama. Simu yake ikaita, akaiweka sauti ya juu.

"Mwambie mama aendelee," Deo alikuwa anapiga kelele. "Ni bao. Picha safi kabisa."

"Nani kafunga?" mwenyekiti aliuliza, lakini simu ilikuwa imekatika. Akanitazama kwa huzuni. "Mama Deo, antena ibaki. Naomba ruhusa nikaangalie kipindi cha pili."

Nilimruhusu. Niliongea na watu wa Kisumu, Mwanza na mmoja wa Lusaka mpaka filimbi ya mwisho, bila bata kusikika popote. Shaaban alikuja akiwa amekauka sauti, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza kama nitaweza kumchagulia waya wa dishi lake jipya. Nilimwambia aje kesho asubuhi na kisu.

Kazini nilizoea kusifiwa kwa kutengeneza kilichoharibika. Siku ile watu wa mtaa mzima walinipongeza kwa sababu hakuna kilichoharibika. Fundi anapata sifa ya namna hiyo mara chache, na mimi nimeipata nikiwa na mvi, nikiwa nimevaa kanga, nikiwa kwangu.