Kopo la Dawa Zilizobaki

Kahaso hakusomea uuguzi, lakini kwa miaka kumi na minane alikuwa na kitu ambacho zahanati ya jirani haikuwa nacho kila mara: dawa. Zilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, nyumbani kwake nje kidogo ya Kaloleni. Hakuzinunua. Mtu akiandikiwa kapsuli ishirini na moja, akameza nane na kupata nafuu, aliona vibaya kuzimaliza ilhali wenzake wanaumwa. Zilizobaki zilikwenda kwa Kahaso, naye akazigawa kwa haki: mbili kwa jino, tatu kwa kikohozi, nne kwa kuhara kwa mkwe, kwa heshima yake. Harusini aliketishwa karibu na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa mteja.

Vidonda vilikuwa na utaratibu wake. Alifungua kapsuli ya rangi mbili, akanyunyiza unga juu ya kidonda, akafunga kitambaa safi. Kidonda kilikauka juu. Yaliyoendelea chini hayakuulizwa.

Mwezi wa Mei mumewe, Gona, aliyekuwa mgema, alikuwa akishuka mnazi wakati kotama, kisu chake cha kugemea, ilipomponyoka ikamkata juu ya kifundo cha mguu. Jeraha halikuzidi urefu wa kidole.

"Twende hospitali, Baba Kanze," Kahaso alisema, kwa adabu tu.

"Hospitali, na kopo limejaa? Mume wa daktari nikapange foleni? Watanicheka mpaka Mariakani."

Akanyunyiziwa unga, akameza kapsuli mbili mbili. Siku ya tatu alijisikia vizuri, akapanda minazi, na zilizobaki zikarudi koponi. Baada ya wiki moja mguu ulivimba. Kahaso alijaribu kapsuli za rangi nyingine, kisha nyingine tena, kila aina siku mbili. Wiki ya tatu mguu ulikuwa na rangi ambayo kapsuli hazikuwa nayo.

Katika hospitali ya Kilifi, daktari alichukua usaha na kuupeleka maabara, akasema wazi: ikipatikana dawa inayowaua hao bakteria upesi, mguu utabaki, isipopatikana, utakatwa. Mgema wa mguu mmoja ni mtu anayetazama minazi. Kahaso aliacha kula.

Siku ya tatu hakuvumilia, akaenda mwenyewe hadi mlango wa maabara. Alimkuta Jedida, mpimaji wa maabara, binti wa Kitui, mpole, ambaye labda hakupaswa kumwonyesha kisahani walimooteshwa bakteria wa Gona, ila alimwonyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mguu unasemaje?"

"Ona hivi vikaratasi sita. Kila kimoja kina dawa yake. Dawa ikiwa inaua, pembeni yake panabaki duara tupu."

Kahaso aliinama. Bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye kingo za vikaratasi, kama majani mlangoni mwa nyumba iliyohamwa. Kikaratasi kimoja tu kilikuwa na duara, jembamba.

"Mbona hawaogopi?"

"Dozi ikikatizwa, mama, wanyonge hufa, sugu hubaki wakazaana. Kisha hupeana. Aliye sugu humpa mwenzake kipande cha jeni, yaani maelekezo ya kuishinda dawa. Hata kama si wa ukoo wake."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Kahaso aliinuka.

"Basi na wao wana kopo," alisema.

Jedida hakuelewa, akaendelea kuandika majibu.

Dawa ya lile duara jembamba ilianza siku hiyo hiyo, lakini kwa wiki tatu kinga ya mwili wa Gona ilikuwa imepigana karibu peke yake, na usaha ulikuwa umeshaingia mfupani. Walimkata chini ya goti siku ya Alhamisi.

Alirudi nyumbani na magongo mawili na vidonge vya siku kumi na nne. Siku ya tano akasema, "Nimepona, Mama Kanze. Hivi vingine weka koponi. Kahonzi anaumwa jino."

"Meza."

"Lakini jirani—"

"Meza, Baba Kanze."

Kahaso alisimama na kikombe mpaka koo la Gona lilipopanda na kushuka. Alifanya hivyo mpaka siku ya kumi na nne. Dawa za kopo alikuwa amekwisha kuzipeleka kwa mfamasia wa hospitali, aliyezipokea kwa glavu.

Kahonzi, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na shavu limevimba.

"Mbili tu, shoga yangu."

Kahaso alifungua kopo, akamwonyesha. Lilikuwa na chumvi.

"Nenda hospitali."

Kahonzi alimtazama Gona, aliyekaa nje akitazama mtu mwingine akigema minazi yake. "Mguu ni wa mumeo," alisema, "uchoyo umekushika wewe."

Harusi ya Agosti Kahaso aliketi nyuma, karibu na masufuria. Shavu la Kahonzi lilikuwa limenywea. Mke wa mwalimu mkuu ameanza kopo lake, na ni kubwa zaidi.